Kwa nini Divali haikai tarehe moja, na zile namba ndogo ukutani ni za nini?

Msomaji wa Dar es Salaam ameuliza: "Nimepanga fremu ubavuni mwa duka la Wagujarati. Ukutani wametundika kalenda yao ya Kihindu, na kila siku ina namba na maandishi chungu nzima. Nikiichungulia naona mahali namba imerukwa, sita halafu nane, na pengine kumi na moja imeandikwa siku mbili mfululizo. Nilidhani mpiga chapa amekosea, mwenye duka akacheka tu. Tena sikukuu zao zinafuata mwezi kama zetu Waislamu, mbona Divali haizunguki mwaka mzima kama Idi? Na mwaka 2024 ilikuwaje wenyewe wakabishana kama ni tarehe 31 Oktoba au 1 Novemba?"

Mpiga chapa hana kosa, ndugu yangu. Kilichotundikwa pale ni panchanga, Wagujarati husema panchang, yaani kalenda na kitabu cha falaki kwa pamoja. Kila siku hutajwa kwa mambo matano: siku ya wiki, tithi, nakshatra, yoga na karana. Nitakaa sana kwenye tithi, kwa sababu ndiyo yenye majibu ya karibu yote uliyouliza. Mengine nitayapitia kwa kiasi chake.

Anza na ule usiku wa giza ambao mwezi hauonekani kabisa. Wakati huo mwezi na jua vipo upande mmoja wa anga. Vyote viwili hupita njia ileile kati ya nyota, ila mwezi ni mwepesi: kwa siku hukata nyuzi 13 hivi, jua nyuzi 1 tu. Ni kama mishale miwili ya saa, ule mrefu ukiuacha ule mfupi, ukizunguka na kuukuta tena. Kila mara mwezi unapoliacha jua kwa nyuzi 12 zaidi, tithi moja imetimia. Mzunguko mzima ni nyuzi 360, kwa hiyo tangu giza hadi giza jingine kuna tithi 30.

Hizo 30 hukatwa mafungu mawili. Tithi 15 za mwezi unaokua Wagujarati huziita sud, na 15 za mwezi unaopungua huziita vad. Ndiyo maana kwenye kalenda ya jirani yako utakuta "sud 11" na baada ya wiki mbili "vad 11". Ya mwisho ya sud ni mwezi mpevu, Punam au Purnima. Ya mwisho ya vad ni ule usiku wa giza, Amas au Amavasya. Unaweza kujipimia mwenyewe bila kusoma Kigujarati: mwezi mwandamo unaoutafuta magharibi ili kufunga au kufungua huonekana jirani akiwa katika sud 1 au 2, na mwezi 15 wa Ramadhani hukaribiana na Punam yake. Mwezi ni ule ule. Tofauti ni kwamba ninyi mnausubiri uonekane kwa macho, na wao wanaupigia hesabu.

Sasa huko kurukwa. Ukigawa siku 29 na nusu za mzunguko wa mwezi kwa 30, tithi moja hutoka saa 23 na dakika 37 hivi. Huo ni wastani tu. Mwezi hauzunguki dunia kwa duara kamili. Ukiwa karibu nasi huenda mbio, ukiwa mbali hujikokota. Kwa hiyo tithi moja huweza kuisha kwa saa kama 20, na nyingine ikavuta hadi kama 26. Tena huanza na kuisha wakati wowote: mchana, usiku wa manane, adhuhuri. Angani hakuna kengele ya alfajiri.

Watu lakini wanahitaji siku moja iwe na namba moja. Kanuni waliyoshika ni kwamba siku hupewa tithi iliyokuwapo jua linapochomoza. Tuseme tithi ya saba ni fupi: imeanza saa moja asubuhi, jua limeshatoka, ikaisha saa tisa usiku kabla jua jingine halijatoka. Haikukutana na macheo hata moja, kwa hiyo haipati siku: sita, kisha nane. Tuseme tena ya kumi na moja ni ndefu: imeanza saa 11:30 alfajiri, ikapita mchana kutwa na usiku kucha, ikaisha saa 1:30 asubuhi ya pili. Imekutana na macheo mawili, kwa hiyo inaandikwa mara mbili. Hakuna tithi iliyopotea wala iliyozaliwa. Kilichotokea ni macheo kuangukia hapa au pale.

Kuanzisha siku kwa macheo si jambo geni kwetu tunaoita saa moja ile saa ya kwanza baada ya jua kutoka. Ila kuna la kuangalia: kwa hesabu ya Kihindu, mtoto aliyezaliwa saa tisa usiku wa kuamkia Jumanne bado ni mtoto wa Jumatatu. Kwa hesabu ya Kiislamu, siku yake ya Jumanne ilishaingia tangu magharibi.

Kanuni ya macheo inatosha kwa siku za kawaida. Kwenye sikukuu mambo huwa mazito zaidi, maana kila sikukuu ina saa yake inayotakiwa iangukiwe na tithi. Kuzaliwa kwa mungu wao Rama hutafutwa tithi ya tisa ya adhuhuri. Kuzaliwa kwa mungu wao Krishna ni tithi ya nane ya usiku wa manane. Saumu ya Ekadashi, tithi ya kumi na moja, siku ambayo wafungaji hawali nafaka wala kunde, huangaliwa macheo, na Wavaishnava, yaani wafuasi wa Vishnu, wana sharti la ziada kwamba tithi ya kumi isiwe bado imo alfajiri. Divali ni sikukuu ya taa, kwa hiyo hutafutwa Amavasya ya jioni, muda mfupi baada ya jua kuzama.

Tuirudie Divali ya 2024, kwa sababu ni mfano mzuri kuliko wowote ninaoujua. Kwa saa za India, Amavasya iliingia tarehe 31 Oktoba saa 9:52 alasiri, ikatoka tarehe 1 Novemba saa 12:16 jioni. Mjini Delhi siku zile jua lilizama kabla ya saa 12 jioni. Basi jioni ya tarehe 31 ilikuwa na Amavasya kamili, na jioni ya tarehe 1 ilikuwa na Amavasya ya dakika chache, jua limezama na tithi bado haijaisha. Waliosema tarehe 31 waliangalia jioni na usiku kamili. Waliosema tarehe 1 walishika kanuni kwamba tithi ikigusa jioni mbili, ya pili ndiyo ichukuliwe. Wote walikuwa na vitabu mkononi. Sehemu kubwa ya India iliwasha taa tarehe 31, na soko la hisa la Mumbai likafanya ile biashara yake ya heri ya saa moja tu jioni ya tarehe 1.

Huku kwetu hapakuwa na sababu ya ubishi huo. Tithi huingia kwa dakika ile ile dunia nzima, maana ni jambo la angani. Kinachobadilika ni saa ya ukutani na jua la mahali ulipo. Saa zetu ziko nyuma ya India kwa saa mbili na nusu. Amavasya iliyotoka saa 12:16 jioni kwao ilitoka saa 9:46 alasiri kwa saa za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, na jua letu siku hizo huzama baada ya saa 12 jioni. Jioni ya tarehe 1 Novemba Amavasya ilishakwisha zamani. Iliyobaki ni jioni ya tarehe 31 peke yake. Kwa hiyo Mhindu wa huku aliyeingia kwenye mabishano ya Delhi alikuwa akibishana kwa jua la watu wengine.

Hapo ndipo kalenda iliyochapwa India na kutundikwa Kariakoo inapoleta matatizo. Tithi ikianza saa moja asubuhi kwa saa za Ahmedabad, mji wa Wagujarati kule India, jua lao limeshatoka, siku ile haiihesabu. Dakika hiyo hiyo Dar es Salaam ni saa 10:30 alfajiri, jua bado, na siku ile ile inaihesabu. Panchanga sahihi ni ya mji wako, na programu nzuri za simu hukuuliza mji kabla ya kukuonyesha chochote. Isiyouliza, usiifuate kwenye saumu.

Utaona pia kwamba mwaka 2024 mwaka mpya wa Wagujarati haukuwa kesho yake ya Divali. Divali ilikuwa tarehe 31 na mwaka mpya tarehe 2 Novemba, kwa sababu sud 1 ilipata macheo yake siku hiyo. Tarehe 1 ikabaki katikati haina mwenyewe. Wagujarati wana jina la siku kama hiyo, dhoko, na maduka yao mengi hubaki yamefungwa.

Sasa swali lako la Idi, ambalo kwangu ndilo tamu. Miezi 12 ya mwandamo ni siku 354 na kidogo. Mwaka wa jua ni siku 365 na robo. Pengo ni siku 11. Waislamu wameliacha pengo hilo lilivyo: sura ya Tawba, aya ya 36 na 37, imesema miezi ni kumi na miwili, ikakemea ile desturi ya Waarabu wa zamani ya kuahirisha miezi. Kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma siku 11 kila mwaka, ikapita kaskazi na kusi, masika na vuli, hadi izunguke mwaka wote kwa miaka kama 33.

Wahindu waliliziba pengo kwa mwezi wa ziada, na namna walivyouweka ni ya kustaajabisha. Hawakusema "kila mwaka wa tatu ongeza mmoja." Waliachia jua lenyewe liamue. Njia ya jua imegawanywa buruji 12, na jua hukaa katika buruji moja siku 30 na nusu hivi. Kuingia kwake katika buruji mpya huitwa sankranti. Kila mwezi wa mwandamo unatarajiwa uwe na sankranti moja ndani yake, na kwa sankranti hiyo ndipo hupata jina lake. Lakini mwezi wa mwandamo ni mfupi kuliko mkao wa jua. Hutokea, baada ya miezi 32 au 33 hivi, jua likaingia buruji kabla kidogo ya Amavasya, na Amavasya ya pili ikafika jua bado halijatoka humo. Mwezi huo hauna sankranti. Hapo huhesabiwa kuwa ni wa ziada, adhika masa, ukachukua jina la mwezi unaofuata, na huo unaofuata ukahesabiwa upya kama ndio wenyewe.

Katika mwezi wa ziada harusi hazifungwi, nyumba mpya hazihamiwi, ila saumu na sadaka huzidishwa. Mwaka 2020 Ashvina ilirudiwa, mwaka 2023 Shravana, na mwaka 2026 ni Jyeshtha, kuanzia tarehe 17 Mei hadi 15 Juni. Huangukia zaidi nusu hiyo ya mwaka kwa sababu katikati ya mwaka dunia iko mbali zaidi na jua, na jua huonekana likienda polepole, hata likakaa katika buruji moja siku zaidi ya 31. Disemba na Januari linaenda mbio, na mara chache mno sankranti mbili huingia ndani ya mwezi mmoja; hapo mwezi mzima hufutwa. Ilitokea 1963 hadi 1964, na tena 1982 hadi 1983.

Tazama Divali zinavyokwenda, utauona mwezi wa ziada kwa macho: 2020 ilikuwa tarehe 14 Novemba, 2021 tarehe 4 Novemba, 2022 tarehe 24 Oktoba. Inarudi nyuma, inarudi nyuma, kisha 2023 inaruka mbele hadi 12 Novemba. Halafu 31 Oktoba, 20 Oktoba, na 2026 tarehe 8 Novemba.

Msomaji makini ataniuliza: hayo majina ya miezi yametoka wapi? Yametoka kwa nyota, na hapa naingia kwenye nakshatra. Njia ya mwezi imekatwa vituo 27, kila kimoja nyuzi 13 na theluthi moja, karibu mwendo wa mwezi wa siku moja. Wanafalaki wa pwani waliosoma vitabu vya Kiarabu wanavijua vituo hivi kama manzili, ila wao huhesabu 28. Kituo cha tatu kwa Wahindu ni Krittika, nacho ni kile kile kilimia ambacho babu zetu walikitumia kupima misimu ya mvua na kilimo. Mwezi wa Kartika, unaoanza baada ya Divali kwa Wagujarati, umeitwa hivyo kwa kuwa mwezi mpevu wake hukaa jirani na Krittika. Mwezi mpevu wa Novemba ukitoka, nenda nje mahali pasipo na taa nyingi. Kilimia utakikuta hapo karibu na mwezi.

Yoga na karana sitakuchosha nazo. Karana ni nusu ya tithi. Yoga ni jumla ya nafasi ya jua na nafasi ya mwezi, ikagawanywa mafungu 27. Hakuna kitu angani cha kutazama kikakuonyesha yoga. Ni hesabu ya karatasi, na kazi yake ni kuchagua wakati wa heri na kuepuka wa nuksi. Karana iitwayo Vishti, kwa jina jingine Bhadra, huepukwa sana.

Hapo nitenganishe mambo mawili ambayo kalenda ya ukutani imeyachanganya. Tithi, nakshatra, sankranti na mwezi wa ziada ni falaki, unaweza kuipima na ikakataa au ikakubali. Heri na nuksi ya saa ni imani, na mizani yake siyo ya darubini. Jirani yako anaweza kushika yote mawili bila tatizo, ila wewe unayejifunza usiyaweke kapu moja.

Imani hiyo nayo ina utaratibu wake, na kwa Wagujarati ulio maarufu ni choghadiya. Mchana hugawanywa sehemu nane kuanzia macheo hadi machweo. Huku karibu na ikweta, mchana ukiwa saa 12 hivi, kila sehemu ni saa moja na nusu, rahisi kuliko London ambako kila msimu hubadilika. Kila sehemu ina jina: Amrit, Shubh na Labh ni njema, Chal hufaa safari, na Kaal, Rog na Udveg huepukwa. Tuseme Jumatatu jua limetoka saa 12 kamili. Hadi saa 1:30 ni Amrit, kisha Kaal hadi saa 3, kisha Shubh hadi saa 4:30. Mwenye kuamini hayo akifungua duka jipya Jumatatu, atavuta mlango mapema sana au atasubiri hadi saa 3 ipite. Ukimwona jirani amesimama na funguo mkononi mlango hajaufungua, huenda anasubiri Kaal iishe.

Usidhani lakini Wahindu wote wana kalenda moja. Gujarati na Maharashtra mwezi huisha usiku wa giza. Kaskazini ya India huisha kwa mwezi mpevu. Kwa hiyo nusu ya mwezi unaopungua ina majina mawili, na kuzaliwa kwa Krishna ni Shravana kwa hawa na Bhadrapada kwa wale, siku ikiwa ile ile. Mwaka wa Vikram, uliotangulia ule wa Kizungu kwa miaka 57 hivi, hubadilika Machi au Aprili kule Kaskazini, na kwa Wagujarati siku moja au mbili baada ya Divali. Watamil huhesabu miezi yao kwa jua, na mwaka wao mpya huwa tarehe 14 Aprili au karibu nayo.

Baada ya uhuru serikali ya India iliunda kamati ya kuzipanga kalenda hizi, ikiongozwa na mwanafizikia Meghnad Saha, na wakati huo zilikuwa zikitumika takribani 30. Ripoti ilitoka 1955, na tarehe 22 Machi 1957 ikaanza kalenda ya taifa, yenye hesabu ya miaka iitwayo Shaka, ambayo iko nyuma ya ile ya Kizungu kwa miaka 78. Gazeti la serikali huandika pia tarehe ya kalenda hiyo. Kwa sikukuu watu waliendelea na panchanga za mikoa yao.

Kuna kasoro moja wanayoijua wenyewe na hawajaitengeneza. Buruji zao zimefungwa kwenye nyota, wala si kwenye misimu, na mhimili wa dunia huyumba polepole sana. Kwa kila miaka 72 hivi sankranti husogea siku moja mbele kwa kulinganisha na misimu. Jua hugeuza njia kurudi kaskazini tarehe 21 au 22 Disemba, lakini Ahmedabad hurusha vishada kuadhimisha mgeuko huo tarehe 14 Januari. Pengo limeshafika nyuzi 24.

Ukitaka kukisia Divali bila kumsumbua mtu, chukua tarehe ya mwaka uliopita utoe siku 11. Ikiangukia kabla ya tarehe 17 Oktoba, ongeza siku 30. Kutoka 20 Oktoba 2025 unapata 9 Oktoba, ni mapema mno; ongeza 30, utafika 8 Novemba 2026. Mara nyingine utakosea kwa siku moja. Kwa siku kamili, tafuta Amavasya inaingia na kutoka saa ngapi kwa saa za Dar es Salaam, kisha angalia ni jioni ipi jua linazama ikiwa bado ndani. Zikiwa mbili, au isiwepo hata moja, muulize jirani hekalu lake limeamua vipi.